Msitu Si Majani Matupu

Kila ninapowaambia wapiga picha wenzangu kwamba napanda msitu wa Amani, Usambara Mashariki, kwa siku nne tano, jibu huwa ni lilelile: "Unakwenda kupiga picha ya nini? Majani?" Wenye upole zaidi husema msitu ni mahali pazuri pa kupunga hewa, pa kupeleka watoto wa shule, pa wataalamu wa mimea, lakini mtu anayetaka picha za wanyama aende Serengeti, Ngorongoro au Maasai Mara, mahali mnyama anaposimama peupe na jua likamwangaza ubavu mzima. Wakati mmoja nilikwenda kwenye kampuni ya utalii kuomba waniandalie safari ya picha ya wageni wawili, misitu ya mvua mwanzo hadi mwisho, Usambara Mashariki kisha Udzungwa. Kijana aliyekuwa mezani alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Mzee wangu," akasema, "wageni watakuja kukulaumu. Kule hawaoni kitu. Wape angalau siku mbili za Mikumi."

Alisema kwa nia njema, na ndiyo maana maneno yake yamenikaa. Rai hii haisemwi na wajinga. Inasemwa na watu wanaoishi kwa kazi ya kuonyesha wanyama, na imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama kanuni: picha ziko mbugani, msituni hakuna. Mimi nimepiga picha kote kuwili kwa miaka mingi, na ninasema kanuni hii ni kosa. Wanyama wa kupigwa picha msituni wapo tele. Kinachomshinda mtu ni kuwaona, na kuwaona wanyama wa msituni ni elimu ya mtu mwingine, ambayo mpiga picha hana budi kuiomba na kuilipia. Ukiingia bila mwongozaji anayeujua msitu ule, utatoka na picha za majani, kisha utaulaumu msitu.

Tuangalie kwanza rai hii ilikotoka. Wageni wengi huja na orodha ya wanyama watano: simba, chui, tembo, kifaru na nyati. Orodha hiyo haikutungwa na wapiga picha wala wanasayansi. Ni ya wawindaji wa zamani, waliowahesabu wanyama waliokuwa hatari na wagumu kuliko wote kuwawinda kwa miguu. Bunduki ilipowekwa chini na kamera ikachukua nafasi yake, orodha ilibaki vilevile, na biashara nzima ikajengwa juu yake. Mpiga picha anayerudi na nyati anaonekana ameleta kitu. Anayerudi na kinyonga anaulizwa kama alipotea njia.

Halafu kuna gari. Safari ya picha tunayoijua ni ya gari lililofunguliwa paa, dereva mmoja na abiria sita saba, na redio za madereva zikiitana chui alipo. Msituni gari linaishia getini. Kuanzia hapo ni miguu, na mwongozaji mmoja hawezi kuwafaa zaidi ya watu watatu wenye kamera, kwa sababu njia ni nyembamba na wa nne atakuwa anatazama kisogo cha wa tatu. Kwa mwenye kampuni hesabu hiyo hailipi. Sisemi kwamba wanadanganya kwa makusudi, ila bidhaa isiyolipa husemwa vibaya upesi, na sifa mbaya ikishaenea hakuna anayerudi kuichunguza.

Basi nini kipo huko ndani? Milima ya Tao la Mashariki inaanzia Taita upande wa Kenya, inashuka Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Pepo za Bahari ya Hindi zimeinyeshea mvua kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo nyanda zilizoizunguka zilikauka. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na viumbe wake wakabaki peke yao, wakabadilika kwa njia zao. Tembo unayempiga picha Serengeti unaweza kumpiga pia Ruaha, Tsavo au Botswana. Mbega mwekundu wa Udzungwa yuko Udzungwa na ukingoni mwake tu. Kinyonga mwenye pembe tatu wa Amani, ambaye jina lake la kisayansi limetokana na Derema, jirani kabisa na Amani, hayupo popote duniani nje ya milima ya Tanzania. Mwaka 2006 wanasayansi walipoipambanua jenasi moja ya vinyonga wa Afrika Mashariki, waliiita Kinyongia. Walichukua neno letu wenyewe wakalitia mkia wa Kilatini.

Kuna hata ua. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la rangi ya urujuani linaloota kwenye miamba yenye kivuli, na mwaka uliofuata likapewa jina lake. Leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. Nimewahi kutembea na mama mmoja aliyekuwa na vyungu sita vya ua hilo nyumbani kwake, akalipita hatua mbili likiwa limechanua kwenye jiwe. Mwongozaji alimshika kiwiko, akamrudisha nyuma taratibu. Mama yule alipiga magoti kwenye tope.

Lakini mfano unaonifurahisha kuliko yote ni wa kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Rungwe walisikia kwa wanavijiji habari za kima mmoja mwenye haya, anayeitwa kipunji. Vitabuni hakuwemo. Walimtafuta hadi wakamwona, na mwaka uliofuata watafiti wengine wakamkuta kivyao katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia, na alitangazwa kwa picha. Hapakuwa na ngozi wala fuvu la kuweka makumbusho. Palikuwa na picha ya dume mzima, akiwa hai, na picha hiyo ndiyo iliyowekwa kuwa kielelezo cha spishi nzima. Wapo wanasayansi walionung'unika kwamba picha haitoshi. Baadaye mmoja alikufa katika mtego wa mkulima, mwili ukapimwa, na mwaka 2006 ikathibitika kwamba kipunji anastahili jenasi yake mwenyewe, ya kwanza kupatikana kwa kima wa Afrika baada ya miaka 83.

Ndundulu ileile, mwaka 2005, kamera ya kutega iliyofungwa mtini ilimnasa sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye hakuna mtaalamu aliyemtambua: uso wa kijivu, kiuno cheusi, mkubwa kuliko sange wote waliojulikana, uzito wake kama gramu 700. Mwaka 2008 alipewa jina la Udzungwa. Na minde, yule mnyama wa jamii ya paa anayeishi kwenye misitu yetu ya milimani, alikuwa na jina la kisayansi tangu 1890, lakini picha yake ya kwanza akiwa porini ilipatikana Udzungwa mwaka 2003. Miaka zaidi ya 100 mnyama mwenye ukubwa wa kushinda mbuzi alikuwa akitembea Tanzania bila picha hata moja. Simba wa Serengeti amepigwa picha mara ngapi leo asubuhi, kabla watu hawajanywa chai? Ukiniuliza picha bado ziko wapi, nitakuonyesha upande wa milima.

Tena katika kisa cha kipunji kuna jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka. Alikuwa na jina kabla hajawa na picha. Wawindaji na wakulima wa Rungwe walimjua, walijua ni mwenye haya, walijua msitu anaokaa. Sayansi ilifika kwa kusikiliza. Mpiga picha naye hufika kwa njia hiyohiyo.

Nieleze ninavyolielewa hili, maana nililijifunza kwa miguu. Mwongozaji ninayetembea naye Amani ni Msambaa, amenizidi umri, na mimi humwita kaka. Aliwahi kubeba mizigo ya watafiti akiwa kijana, akakaa nao miaka, akajifunza majina yao ya Kilatini juu ya yale ya Kisambaa aliyopewa na mama yake. Usiku wa kwanza nilipotoka naye, ilikuwa saa mbili kasoro, mvua imekatika, majani yanadondosha maji. Nilikuwa na tochi kali kuliko yake. Nilimulika kila mahali: juu, chini, nyuma ya vigogo. Sikuona kiumbe. Yeye alimulika usawa wa kifua tu, kwenye ncha za vijiti, akitembea kama mtu anayesoma mistari.

"Pale," akasema.

Nikatazama. Majani.

"Usitafute kinyonga, mdogo wangu. Tafuta kitu cheupe ambacho si cha pale."

Kinyonga akilala usiku rangi yake hufifia, na ngozi iliyofifia huurudisha mwanga wa tochi kuliko jani linavyourudisha. Nikashusha macho, nikatafuta weupe, na ghafla akawapo, hatua tatu kutoka kwangu, pengine tangu tulipofika. Alikuwa ameng'ang'ania kijiti chembamba kama kalamu, vidole viwili upande huu, vitatu upande ule, mkia umekunjwa kama utambi wa dawa ya mbu. Ngozi ya mgongoni ilisimama kama tanga dogo. Pembe tatu zilielekea mbele, na kwenye ile ya katikati tone la maji lilining'inia, halidondoki. Jicho lilikuwa limefungwa, kibuyu kidogo chenye ufa mmoja.

Nilianza kuiweka sawa flashi. Akanizuia kwa kiganja. Alizima tochi yangu, akaichukua yake ndogo, akazunguka polepole mpaka nyuma ya jani kubwa lililokuwa karibu, akaimulika kutoka ubavuni. Jani likawaka kijani, tanga la mgongo likawa na ukingo wa dhahabu, na lile tone likageuka taa. Mimi nisingeufikiria mwanga ule hata kwa mwaka. "Piga tatu," akasema, "tuondoke. Huyu amelala." Nilipiga tatu. Hakukigusa kijiti, na mimi sikukigusa. Usiku ule tuliwaona 11, wa aina nne, ndani ya njia ambayo mchana nilikuwa nimeitembea peke yangu saa tatu nzima na kuandika kwenye daftari langu kwamba haina kitu.

Mchana nao una somo lake. Kesho yake alisimama ghafla, akaonyesha ardhini, mimi nikiwa nimetazama juu shingo inauma. Siafu. Msafara mweusi ulikuwa unakata njia, upana wa mkono. Mtu wa kawaida hukimbia. Yeye aliniambia niingize suruali ndani ya soksi, akanipeleka upande wa juu, penye jiwe, akasema tukae. Siafu wanapofagia chini ya msitu, panzi, mende na buibui hutoka mafichoni mbio, na kuna ndege wa chini wanaoishi kwa kuwafuata siafu na kuwadaka hao wanaokimbia. Ni ndege wenye haya mno. Siku za kawaida utawasikia tu. Lakini penye siafu wanasahau. Tulikaa dakika 40. Walikuja mmoja mmoja, wakatua kwenye vijiti vya chini kabisa, wakashuka, wakanyakua, wakapanda. Mmoja alitua karibu hata lenzi yangu ikashindwa kumshika kwa ukaribu. Ilibidi nirudi nyuma, taratibu, nikiwa nimekaa.

Sasa nirudi kwa wanaonipinga, maana hoja zao nyingine si za kutupa. Yenye nguvu kuliko zote ni ya mwanga. Chini ya miti iliyofungamana vilele, ardhini hufika kama asilimia moja au mbili tu ya mwanga unaopiga juu. Mbugani saa mbili asubuhi unaweza kupiga kwa sehemu 1 ya 2,000 ya sekunde, na swala anayeruka akaganda hewani. Msituni saa ileile, lenzi ikiwa imefunguliwa yote na ISO ikiwa 3,200, unapata sehemu 1 ya 30, na mkono ukitetemeka kidogo picha imekwenda. Hilo ni kweli na hakuna ufundi wa kulifuta.

Kosa ni kudhani kwamba ugumu huo unamaanisha mwanga mbaya. Mtu aliyelelewa mbugani huja na kanuni yake, kwamba asubiri jua. Msituni kanuni hiyo ndiyo inayomharibia. Jua la saa sita likipenya majani hutupa madoa, huku peupe kama karatasi, huku peusi kama mkaa, na hakuna kamera inayoyabeba yote mawili kwa pamoja. Siku ya mawingu, anga lote hugeuka taa moja iliyofunikwa shuka. Siku ya ukungu ni bora zaidi: miti ya nyuma hufifia, wa mbele hujitokeza, na msitu uliokuwa fujo ya vijiti hupata mpangilio. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mawingu na ukungu si vitu vya kuvitafuta kwa tochi. Nimewaona wageni wakikaa barazani wamenuna wakisubiri anga lifunguke, na saa nzuri kuliko zote inawapita mbele ya vikombe vyao vya chai.

Hapo tena mwongozaji ndiye mwenye ramani. Yeye anajua mti gani mkubwa ulianguka masika iliyopita ukaacha tundu la mwanga. Anajua mahali ambapo shamba la chai linakutana na msitu kwenye mteremko mkali, ukisimama kwenye chai unakuwa usawa wa vilele vya miti ya bondeni, na mbega unayezoea kumpiga picha tumbo kutoka chini unamtazama uso kwa uso. Mbega hupenda ukingo ule asubuhi baada ya usiku wa baridi, wanakaa wameupa mwanga vifua. Hondohondo naye humpita mtu juu bila kuonekana, lakini mabawa yake huvuma kama pampu ya baiskeli, na mwenye sikio anakuambia uinue kamera kabla ndege hajafika. Picha yangu nzuri ya hondohondo niliipiga kwa sikio la mtu mwingine.

(Na kwa anayejiandaa kwenda: kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi usiifungue getini. Hewa ya msitu ina unyevu, kioo ni baridi, na lenzi itajaa ukungu wakati ambao unaihitaji. Iache ndani ya begi nusu saa ipate joto. Ukirudi nyumbani usiihifadhi na unyevu wake, kuvu huota kati ya vioo na haitoki.)

Wengine wananiambia: sawa, lakini huo ushahidi wako wa sange na minde umetokana na kamera za kutega, si za watu. Funga kamera mtini, rudi baada ya mwezi, mwongozaji wa nini? Nawajibu waulize waliozifunga. Kamera ya kutega inaona mita chache mbele yake, na msitu una kilomita za mraba kwa mamia. Lazima mtu aseme mti upi, njia ipi, urefu gani kutoka ardhini. Anayejua njia ya minde ni yule anayejua kinyesi chake, na elimu hiyo haiuzwi pamoja na betri.

Hoja inayoniuma zaidi ni nyingine, na inasemwa na watu wanaoipenda misitu kwa dhati. Wanasema safari hizi za picha zinawadhuru wanyama: mwongozaji humbandua kinyonga kwenye kijiti chake akamweka juu ya ua la kupendeza, humfukuza bundi kwenye tundu, hupiga sauti ya ndege kutoka kwenye simu mara 20 mfululizo hadi dume aache kula na kulisha makinda, akidhani mpinzani ameingia kwake. Yote hayo nimeyaona kwa macho yangu. Karibu na Amani yupo ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, mwenye jina la Moreau, mtafiti aliyeishi pale miaka mingi kabla na wakati wa Vita vya Pili. Dunia nzima anapatikana hapo na sehemu moja ya Msumbiji, basi. Ndege wa namna hiyo kumsumbua kila siku kwa simu ni ukatili, na anayefanya hivyo asipewe kazi tena.

Lakini tuulize vidole vinavyombandua kinyonga vilifunzwa na nani. Mwongozaji hazaliwi akitaka kumhamisha kinyonga. Amefundishwa na mgeni mwenye siku moja, aliyelipia tiketi ya ndege, anayeangalia saa, na ambaye bakshishi yake inapanda kwa kila mnyama. Ukimlipa mtu kwa mnyama, atakuletea mnyama. Mimi humlipa kwa siku, na tunakubaliana bei asubuhi kabla hatujaona hata nzi. Tukitoka mikono mitupu malipo ni yaleyale. Nilipoanza hivyo ndipo yule kaka yangu alipoanza kuniambia "hapana". Hapana, hapo kuna kiota. Hapana, leo tumempiga huyu vya kutosha. Mwongozaji anayeweza kukukataza ni mlinzi wa msitu kuliko ubao wowote uliopigiliwa getini. Kumfukuza yeye kwa sababu wapo wabaya ni kuwaachia wabaya njia.

Rai ya mwisho huja kwa sauti ya chini, kama ya mtu anayekuonea aibu: hata ukiipata hiyo picha ya chura au ya sange, itamgusa nani? Watu wanalia kwa tembo. Hapo nawakumbusha Gabon. Kati ya 1999 na 2000 Mmarekani Michael Fay alitembea kwa miguu siku 456, kiasi cha kilomita 3,200, kutoka ndani ya misitu ya Kongo hadi ufuo wa Atlantiki, akiwa na wenyeji waliofungua njia, waliobeba mizigo, waliojua mito. Mpiga picha Michael Nichols alizileta picha za msitu ule. Picha hizo zilifika mbele ya Rais Omar Bongo, na mwaka 2002 akatangaza hifadhi za taifa 13 kwa mpigo, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nchi. Nchi hiyo karibu yote ni msitu, na wakubwa wake wengi walikuwa hawajawahi kuuona kutoka ndani.

Sisi tuna vyura wa Kihansi. Chura mdogo wa manjano anayezaa watoto hai, alielezwa kisayansi mwaka 1999, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya bonde moja tu la Udzungwa, wakati maji ya bonde hilo yanaelekezwa kwenye umeme. Kufikia 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na waliobaki ni wale waliokuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, ambako walizaana hadi kizazi chao kikarudishwa nyumbani. Ubishi wa miaka ile naukumbuka: nchi ikose umeme kwa ajili ya vyura? Katika waliobishana, pande zote mbili, wangapi walikuwa wamewahi kuona hata picha ya chura huyo akiwa kwenye jani lake lenye maji, mtoto wake mdogo kuliko punje ya mchele amesimama pembeni? Watu walikuwa wanabishana juu ya neno. Sidai kwamba picha ingebadili uamuzi. Nadai kwamba taifa lilistahili kumwona kwanza.

Kwa hiyo ninapoona picha ya msituni imechapishwa, ikiwa na jina la mpiga picha, jina la kamera, milimita za lenzi na sehemu za sekunde, lakini haina jina la mtu aliyesema "pale", nahisi kuna sehemu ya picha iliyokatwa. Watu hao si wabeba mabegi. Kijana anayesoma njia kwa usiku kama wanavyoisoma wao amekaa shuleni miaka mingi, ila shule yenyewe haitoi cheti, na wazee wanaofundisha wanapungua huku vijana wa Amani na Muheza wakiteremka Tanga kutafuta bodaboda. Kampuni zikiendelea kusema msituni hakuna kitu, vijana hao watakuwa na haki ya kuziamini.

Mwaka jana nilirudi Amani na bahasha ya picha zilizosafishwa, kubwa, za kumpa kaka yangu. Tulikaa kwenye benchi nje kwake, mke wake akatuletea chai ya tangawizi. Alizipokea kwa mikono miwili, akaweka miwani, akaitazama ya kwanza kwa muda mrefu: kinyonga jike asiye na pembe, amejikunja kwenye kijiti, nyuma yake kijani kilichofifia. Akaigeuza. Nyuma nilikuwa nimeandika kwa mkono mahali nilipoipiga: Zigi.

"Hapa si Zigi," akasema.

Nikamwambia ni Zigi, usiku wa kwanza.

Aliigeuza tena, akaweka ukucha kwenye pembe ya chini, kwenye doa la kijani ambalo mimi nililihesabu kuwa ni sehemu tu ya giza. "Jani hili halishuki mpaka Zigi. Hapa ni juu, njia ya Mbomole. Usiku ule wa ukungu, ulipoteleza ukakaa chini." Nilifungua kompyuta palepale nikatafuta tarehe na saa. Ilikuwa usiku wa tatu, na usiku wa tatu tulikuwa Mbomole.

Akaomba kalamu. Alikata neno langu kwa mstari mmoja, akaandika Mbomole kwa herufi kubwa, akaweka picha pembeni, akachukua ya pili.